Ishirini na Nne za Bi Thuwaiba

Jiko limezeeka, anasema, kama mimi.
Mkate wa kumimina uliokuwa ukiiva kwa saa moja
sasa unataka saa na robo, na juu haushiki rangi,
na kesho ni Jumatano, soko la wanawake:
Ibra nzima haili mkate mbichi.

Wanawe wameshahukumu kwa simu.
Azzan, Sohar: nunua jipya.
Mundhir, Doha: nunua jipya, nitatuma.
Hilal, chumba cha pili kutoka hapa,
amelala na kiyoyozi chake.

Mimi nimekuja na mita.
"Mtoto wa kike na bisibisi," anacheka shangazi,
lakini mkeka ameshautandika mbele ya soketi
na taa anaishika mwenyewe.

Nachomoa plagi. Napima jiko lingali moto:
omu thelathini.
Andika, Shangazi. Anaandika
kwenye mfuko wa unga, kwa kalamu ya daftari la madeni.
Pale bodini, mlango wa mbele, nimekuta volti mia mbili na arubaini.
Zigawe kwa thelathini. Nane:
ampea nane ndizo kiu ya jiko hili.
Sasa nane mara mia mbili na arubaini...
Hanisubiri, aliyeuza mikate miaka thelathini bila kikokotoo:
"Elfu moja mia tisa na ishirini. Nini, baisa?"
Wati. Ndizo zinazoupa mkate rangi.

Nawasha. Waya nauvisha mita ya koleo
kama bangili:
saba nukta mbili.
Nadunga ncha mbili penye soketi:
mia mbili na kumi na sita.

Gawanya tena, pole pole.
Thelathini. Ileile.
Jiko lako halina kosa, Shangazi.
Linapika kwa kadiri ya kinacholifikia.

Anautazama mfuko wa unga kimya,
kisha anauliza kama anavyomuuliza mchuuzi wa nazi:
"Zimetoka mia mbili na arubaini,
zimefika mia mbili na kumi na sita.
Ishirini na nne zangu kala nani?"

Nimesoma chuo miaka mitatu.
Hakuna mwalimu aliyeuliza vizuri hivyo.

Tunaufuata waya. Bodini hadi majlisi ya Azzan,
majlisi hadi chumba alichojenga Mundhir akioa,
kila mmoja kaukata, kaunga, kaendelea na maisha yake.
Nyuma ya kabati la Hilal naweka kiganja ukutani.
Ukuta una homa.

Ishirini na nne mara saba nukta mbili:
mia na sabini na mbili, na ushei.
Ni balbu tatu za kizamani zinazowaka ndani ya plasta
zisimmulikie mtu,
nchi mbili kutoka kichwani mwa kijana anayekoroma.
Na ukinzani wake? Omu tatu na theluthi.
Kitu kidogo. Shaba mbili zimesokotwa kwa vidole,
utepe mweusi umeyeyuka ukawa kama halua iliyoungua.

"Hilal! Amka, unalala na tanuri!"

Nazima nyumba nzima. Nakata, nakwangua,
naunga kwa kiungio cha skrubu, nakaza mpaka mkono unauma.
Giza, joto, Hilal na mto wake uani.
Nawasha:
mia mbili thelathini na nane.

"Mbili bado," anasema Bi Thuwaiba.
Hizo ni nauli, Shangazi. Hakuna waya usiotoza.
Anafikiri. Anakubali, si kwa furaha.

Hiliki inaanza kunukia kabla sijakusanya vyombo.
Mfuko wa unga kaukunja ndani ya daftari la madeni,
simu iko sikioni:
"Mundhir, pesa usitume.
Eeh. Jiko zima.
Ukitaka kutoa, njoo nazo mkononi."